Paja Limekwenda Wapi?

Msumeno wa kukatia hogo una kelele kuliko makali. Hauzunguki, unatetemeka tu, kwa hiyo hupasua jasi ngumu na kuiacha ngozi inayocheza nao. Tabibu alinieleza hayo kwa upole, nami nikazidi kung'ang'ania kitanda. Kumbe cha kutisha kilikuwa ndani. Uliingia mguu wa mwanamume, ukatoka mguu wa korongo: mwembamba, wenye magamba, nywele ndefu kuliko za mwenzake. Shangazi aliyenisindikiza aliutazama, akautazama tena. "Mwanangu," akamwuliza tabibu, "una hakika huu ndio mliomfunga?"

Mfupa wa muundi, niliouvunja kwa kuteleza mtaroni, ulikuwa umeunga vizuri. Paja ndilo lililoaga. Msuli usio na kazi huanza kupungua ndani ya siku chache, na ule wa mbele ya paja ni wa kwanza kukimbia. Nguvu hupotea hata kuliko unene, maana ubongo nao hulegea kuuagiza. Ndiyo maana wanaanga, ambao huko juu miguu yao haibebi kitu, hufanya mazoezi kama saa 2 kila siku.

Mimi sikuwa angani, nilikuwa kwenye kochi, na nyumba nzima ikinitunza. "Usinyanyuke, baba!" Jioni supu ya kongoro, kwa imani kwamba mguu wa ng'ombe huingia moja kwa moja kwenye mguu wa mtu. Protini ya gegedu na kano ni hafifu kwa msuli. Afadhali yai au dagaa, na hayo nayo hayafui dafu kwa msuli uliolala. Supu ilipata makazi, ila si pajani. Mkanda wangu ni shahidi.

Kisha nikakabidhiwa kwa binti wa fiziotherapia. "Mzee, kaza paja, hesabu hadi tano, legeza." Nikang'ata meno, nikatoa macho, masikio yakasogea. Paja halikuwa na habari. "Hapo umekaza shingo, mzee." Akaniagiza niufanyishe mazoezi na mguu mzima, kwani kupitia mishipa ya fahamu ule mbovu hufaidika kidogo. Nikamwambia utaratibu huo naufahamu sana kutoka kazini: mmoja anatoka jasho, mwingine anapandishwa cheo.

Kinachoudhi ni hesabu yenyewe. Msuli huondoka kwa wiki, hurudi kwa miezi. Nilipokuwa na hogo, daladala nzima ilinipisha. Konda mwenyewe alinishika mkono. Lilipotolewa, wakati goti linachezacheza na ngazi moja ni mlima, nikawa mtu mzima anayejidekeza.

Basi ndugu abiria, ukimwona mtu anapanda kwa kuvuta kila bomba, suruali imejaa upande mmoja tu, mpishe kiti. Huyo hogo limetoka juzi.