Chupa ya Jemu Kwenye Friza

Fundi wangu hupima oili kwa vidole viwili. Alifungua galoni yangu mpya, akadondosha tone kwenye kidole gumba, akalisugua na kidole cha shahada kama mtu anayehesabu noti, kisha akatazama juu. "Bosi, hapa umepigwa. Hii maji."

Lita 4 za fuli sinthetiki, 5W-30, kutoka Kariakoo, kwa bei ambayo mke wangu hadi leo hajaambiwa. Nikaifunga galoni, nikarudi nayo nyumbani, imepakatwa kama mtoto mwenye homa.

Kila niliyemweleza alikuwa na kipimo chake. Inuse. Idondoshe kwenye tishu. Ichome. Jirani yangu, ambaye hana hata baiskeli, aliapa kwamba sinthetiki ya kweli haigandi kwenye friza. Basi usiku nikamimina kidogo kwenye chupa ya jemu, nikaipachika kati ya vibua na bamia.

Alfajiri niliinamisha chupa. Ikatiririka! Nikashangilia jikoni peke yangu, msuli ukinining'inia. Ndipo nikakumbuka kufungua kitabu cha gari, jambo ambalo mwenye akili angeanza nalo. Kumbe ile W ni ya majira ya baridi ya wenzetu: oili ya 5W hujaribiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Friza yetu, umeme ukiwepo, hufika 18. Hapo hata oili ya bei poa ingetiririka. Na ile 30 ni uzito wake kwenye nyuzi 100, injini ikiwa imeshachemka. Sasa kidole cha fundi, chenye joto la binadamu, kilizijulia wapi nyuzi 100? Amezoea 20W-50 nzito kama uji, na wepesi alioulaani ndio kitabu kilioutaka.

Nikatoka kwenda kutazama tena muhuri wa mfuniko na zile herufi za kiwango cha oili, API SP, ubavuni. (Muhuri nao huigizwa, najua, lakini kuliko kidole!) Niliporudi, chupa ya jemu haikuwa mezani.

Mjomba, aliyekuja kutoka Lushoto kutibiwa magoti, alikuwa kibarazani, suruali ameikunja hadi mapajani. Magoti yanang'aa kama maandazi yaliyotoka kwenye karai.

"Mjomba," akaniita, "hii dawa umeitoa wapi? Inaanza na baridi, halafu inapenya." Akakunja goti, akalinyoosha. "Sikiliza. Halilii."

Nikamweleza, kwa aibu, kwamba ni oili ya injini. Akanyamaza. Akalitazama goti la kulia, kisha la kushoto.

"Na ukishaweka," akauliza, "unakwenda kilomita ngapi ndiyo umwage?"