Sikio la Gari Langu

Mimi si fundi, wala sijapata kudai ufundi mbele ya mtu ajuaye maana ya neno hilo; ila nimepatwa na maradhi ya wazee wengi wa Mombasa waliostaafu, nayo ni kudhani kwamba mtu aliyesomesha hesabu miaka 30 hawezi kushindwa na chombo kilichoundwa kwa hesabu. Maradhi hayo ndiyo yaliyonifanya, kaskazi iliyopita, ninunue kwa dalali mmoja gari dogo la Kijapani lililokwisha tumika, lenye silinda nne na kile wakiitacho tabo, neno ambalo mke wangu tangu siku ya kwanza hulitamka “taabu”, na kila nikimsahihisha hunijibu kwamba yeye haioni tofauti.

Tabo, kwa asiyeijua, ni feni izungushwayo na moshi wa eksozi, ambayo huisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta kwa pumzi zake yenyewe. Hewa ikizidi huweza kuchoma mafuta zaidi, na nguvu huzidi kwa kadiri hiyo. Mpwa wangu, kijana ambaye nadhani alizaliwa na spana mkononi, aliiona hewa ya kiwandani kuwa ni ya kibakhili, akaipandisha kutoka pauni 7 kwa inchi ya mraba hadi 11, kisha akaniachia nasaha moja: “Mjomba, ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya mkebe, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo.”

Kugonga huko siko kule wanakokukusudia mafundi wa mitaani wasemapo injini imenoki, kwani hiyo ni habari ya msiba, na lililobaki ni kuulizana maziko saa ngapi. Huku ni kugonga kwa petroli. Ndani ya silinda cheche ya plagi huwasha moto mahali pamoja, na moto husafiri kwa adabu hadi pembeni, mfano wa sinia ya pilau inayopitishwa kwa wageni arusini. Lakini kadiri moto unavyosogea, ndivyo unavyowabana na kuwaunguza wageni wa mwisho ambao zamu yao haijafika, na joto na mkandamizo vikipita kiasi, hao hawangoji tena kukaribishwa, bali huirukia sinia wote kwa mpigo mmoja, na kishindo chao huipiga pistoni kama nyundo. Tabo huzidisha mkandamizo, kaskazi huzidisha joto, na ama petroli, ile inayoitwa okteni si kitu ila ni kipimo cha subira yake. Huko Japani petroli ya daraja la juu, kwa kanuni yao, subira yake haipungui 96. Mimi yangu niliichagua kwa kutazama bei. Zamani subira ilitiwa kwa risasi, dawa iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1921, ambayo iliituliza injini na kuwadhuru wanadamu kwa miaka mingi, hata nasi Kenya tukaagana nayo kufikia mwaka 2006.

Wahandisi wakaitafuta subira kwenye umeme. Tangu mwaka 1978 Buick ya Marekani ilikuwa ikiuza magari ya tabo yenye sikio la kusikiliza kugonga huko, na sikio la namna hiyohiyo ndilo mpwa wangu aliloniletea kuwa hidaya: kisanduku kiasi cha kasha la sabuni, chenye taa nyekundu na skrubu ya usikivu ambayo yeye mwenyewe aliirekebisha na kuniharamishia nisiiguse, pamoja na sensa ya kufungwa ubavuni mwa injini. Ndani ya sensa mna kipande cha fuwele ambacho kikitikiswa hutoa umeme, na kisanduku kikisikia humo mitetemo ya elfu 6 na ushei kwa sekunde, ambayo ndiyo sauti ya petroli isiyo na subira katika silinda yenye upana wa milimita 86 kama zangu, huichelewesha cheche digrii kadhaa ili moto ushike wakati pistoni imekwisha anza kushuka. Kimya kikirejea, huzirudisha digrii zile mojamoja, kama mtu aliyeumwa na nyoka apitavyo penye ukuti.

Kuifunga sensa nilisema nitaifunga mwenyewe. Karatasi ya maelezo iliamuru bolti ikazwe kwa newtoni-mita 20, si pungufu wala si zaidi. Na madhali spana ya kupimia sikuwa nayo, nilitumia spana yangu namba 12, bismillahi, na kiwiko. Jirani yangu alisimama kando tangu alasiri hadi magharibi akinipa mashauri ambayo sikumwomba. Nilipokusanya vyombo, spana haikuonekana. Sikumwita mwizi, hasha. Nilimwuliza tu, kwa sauti iliyofika msikitini, kama haikuingia mfukoni mwake kwa bahati mbaya. Tangu usiku ule salamu zikakatika, na mahamri yaliyokuwa yakivuka ukuta kila Ijumaa yakakoma kuvuka.

Mjini gari lilikwenda mustarehe. Siku ya arusi ya Kwale nilimpakia mke wangu na mashangazi zake wawili, tukavuka kivuko cha Likoni kwa taadhima yote, tukashika njia ya mlima. Hapo ndipo nilipokanyaga mafuta, taa nyekundu ikawaka, na nguvu zote za tabo zikaondoka kama mdaiwa aliyeona mdai. Nilizidi kukanyaga, nacho kisanduku kikazidi kuichelewesha cheche. Tukapitwa na lori la mchanga. Tukapitwa na tuktuk yenye abiria wanne na mbuzi, naye mbuzi, sisemi uongo, alitugeukia kututazama. “Mwanangu,” akauliza shangazi mkubwa kutoka nyuma, “kwani gari lako limefunga?” Sikumjibu, maana nilikuwa nimeanza kunusa rangi inayoungua, kwani cheche ikichelewa sana moto hutoka silindani ungali unawaka, na eksozi ndiyo ibebayo mzigo huo. Tulifika pilau imekwisha, tukapewa ukoko.

Wiki nzima nilipambana na petroli. Nilijaza ile ya bei kubwa, nikapunguza hewa hadi pauni 7, nikabadilisha plagi, na bado kila injini ikipita mizunguko 3,000 kwa dakika taa ilinikodolea jicho lake jekundu. Mwishowe mpwa wangu alichukua kipande cha bomba la shaba, akakiponda ncha moja na kukitoboa, akakifunga kwenye injini, akachomeka mpira mrefu hadi kwenye vifuniko vya masikio vya mafundi wa kuchimba barabara, akanivika mimi. Nikaketi garini na mpira ukinitoka sikioni na kupotelea chini ya boneti, ilhali watoto wa mtaa wamenizunguka wakibishana kama ninatibiwa mimi au linatibiwa gari.

Mizunguko ilipofika 3,000 nikasikia ting, ting, ting, sauti safi kabisa, kama kijiko katika bilauri. Mpwa wangu akavivaa vile vifuniko, akasikiliza kitambo, akazima injini.

“Mjomba, petroli haina sauti hii.”

Akachukua kurunzi na kioo cha mama yake cha kujitia wanja, akachungulia penye giza kati ya ubavu wa injini na mabomba ya kuingizia hewa, akapenyeza mkono hadi begani, akautoa ukiwa na spana namba 12, ncha yake moja imesuguliwa ikang'aa kama pete ya arusi. Nilikuwa nimeiacha shubiri moja tu kutoka kwenye sensa, nayo ilikuwa ikicheza mle ndani kila injini ichangamkapo, na kisanduku maskini, kilichofunzwa kuogopa kishindo kimoja tu duniani, kilikuwa kikitimiza wajibu wake kwa uaminifu ambao sikuwahi kuupata kwa mwanafunzi yeyote.

Usiku ule, baada ya isha, nilikwenda kwa jirani. Nikabisha hodi mara ya kwanza, kimya; mara ya pili, kimya; ya tatu akafungua, akanitazama mimi, akaitazama spana niliyoishika kwa mikono miwili kama mtu aletaye posa. Nikamweleza yote, tangu fuwele hadi mbuzi. Alisikiliza bila neno, akaingia ndani, nikadhani ndiyo imekwisha. Punde akarudi na sahani ya mahamri, na juu ya mahamri spana namba 10.

“Hii uliniazima Ramadhani ya mwaka juzi,” akasema. “Niliona haya kuileta ukiwa umekasirika.”

Kwa spana hiyo namba 10 nilikuwa nimekwisha mnunia shemeji yangu wa Lamu miaka miwili.