Namna ya Kumpokea Shida Akifika Kindu Bila Hodi

Shida ni mgeni wa Kindu wa siku nyingi. Hapigi simu, hatumi mjumbe, wala hasimami kwenye mlango wa lupangu akaita hodi. Huingia jioni sufuria ikiwa jikoni, akakaa kwenye kiti cha papa wa nyumba, akauliza mmepika nini. Hatuna uwezo wa kumfukuza. Tunachoweza ni kuipanga nyumba mapema, ili akija akute mambo yamekwisha tayarishwa, asikae sana, na akiondoka asiondoke na mtoto wetu. Huu ndio mwongozo wa kumkaribisha.

Kwanza zijue njia zake. Shida wa Kindu hupita palepale zinapopita chumvi na sabuni. Reli itokayo Lubumbashi, ikipitia Kabalo, Kongolo na Kibombo, inaishia kwetu. Kuanzia hapa safari ni ya mto: mashua hushuka Lualaba kama kilomita 300 hadi Ubundu, maporomoko yakazuia, na mzigo ukapanda reli nyingine ya kilomita 125 kwenda Kisangani. Ndege nazo zilizoea kutuletea nguo, dawa na vyombo kutoka Goma na Bukavu. Basi hesabu mwenyewe. Treni ikianguka njiani, wiki zinapita. Kiangazi kikishusha maji ya mto, mashua kubwa zinakwama kwenye mchanga. Januari 2025 Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wake wa ndege ulifungwa, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Mtu aliyekuwa akimwagiza shemeji yake wa Goma mzigo alibaki na simu mkononi.

Kutokana na hayo ninatoa amri moja, na nyingine zote ni watoto wake: kilichoshuka kutoka kwenye ndege usikihesabu kuwa akiba. Kile, kitumie na umshukuru Mungu, lakini akiba ya mtu wa Kindu ni ile iliyotoka kwenye udongo wa mkoa wetu wa Maniema na ambayo anajua kuitoa tena.

Miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za Ulaya na Marekani humwambia mwenye nyumba aweke chakula na maji ya saa 72, makopo ya maharage, tochi na betri, kisha angoje serikali. Ni ushauri mzuri kwa mahali ambapo kimbunga hupita siku moja na magari ya msaada hufika siku ya tatu. Sisi mgeni wetu hukaa miezi. Mwaka 2002, mji ukiwa chini ya waasi wa RCD-Goma tangu Oktoba 1998, wapiganaji wa Mai-Mai waliuzunguka Kindu. Shamba la mwendo wa saa moja likawa halifikiki. Mtu aliyekwenda kutafuta mihogo aliweza kushukiwa na upande huu kuwa mpelelezi na upande ule kuwa msaliti. Mji uliozungukwa na ardhi yenye rutuba ulilala njaa, watoto wakakonda, na waliokuwa na chochote cha kuvuna ndani ya ua waliona thamani ya kila jani. Makopo ya saa 72 yangefanya nini hapo?

Kwa hiyo pandeni ndani ya lupangu. Nasema hivi nikijua kwamba wapo wanaoona aibu kuwa na mihogo mbele ya nyumba ya matofali, wanaotaka ua la kizungu na saruji mpaka ukutani. Ng'oeni ua, pandeni mihogo. Muhogo ni ghala lisilohitaji kufuli: unaweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi ukingoja, na wakati unangoja unawapa sombe. Ongezeni lenga-lenga, matembele, mpapai mmoja, migomba miwili mahali panapomwagwa maji ya kuogea. Mpunga nao uwekeni ukiwa mpunga, msikoboe wote kwa mara moja, kwa sababu ndani ya ganda lake unastahimili wadudu na unyevunyevu kuliko mchele. Magunia yapandisheni juu ya mbao, mbali na ukuta, kwani sakafu yetu wakati wa mvua hutoa jasho. Na mama akisema gunia hili ni la mbegu, papa asiliguse hata akija shemeji.

Kuhusu muhogo mchungu nawaomba tusimame kidogo. Shida anapoingia, jambo la kwanza analofanya ni kutuharakisha. Muhogo uliopaswa kulowekwa siku tatu hadi nne hulowekwa siku moja, ukasagwa, ukawa bugali usiku uleule. Sumu iliyomo hubaki. Mtu akila hivyo wiki kwa wiki, bila samaki wala maharage ya kumsaidia mwili wake, anaweza kuamka asubuhi moja miguu imekakamaa, na haitarudi kama zamani. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Unajulikana sana kule Kahemba, kusini-magharibi mwa nchi yetu, na hupenda zaidi watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Hauna dawa ya kuuondoa. Kinga yake ni pipa la kulowekea, jua la kuanikia na subira. Kwa hiyo jaza pipa kabla ya gunia la unga kwisha, usingoje liishe ndipo uanze kuloweka. Nyumba yenye mihogo iliyolowekwa leo, iliyoanikwa jana na iliyo tayari kusagwa, hiyo imejiandaa kweli.

Maji. Tunaishi kando ya mto mkubwa, na mto mkubwa hutudanganya kwamba maji tunayo. Kolera husafiri na wasafiri wa mto, hushuka kwenye mashua pamoja na mizigo, na Maniema imeiona mara nyingi. Mabomba ya Regideso yakikauka, watu hurudi mtoni na kwenye visima vya mashimo. Wekeni bidoni mbili za lita 20 za maji ya kunywa, zenye vifuniko, ambazo hakuna anayezitumia kufulia. Maji yachemsheni au muweke klori kwa kipimo alichoeleza mtu wa kituo cha afya. Makaa yakikosekana, chukueni chupa za plastiki zisizo na rangi, mzijaze maji yasiyo na tope, mzilaze juu ya mabati: jua kali kwa muda wa saa sita linaua vijidudu vingi, na kukiwa na mawingu mziache siku mbili. Mvua ya mabati ikingeni, ila ile ya dakika za kwanza iacheni ioshe paa.

Na kila mtu ndani ya nyumba, mpaka mtoto wa darasa la tatu, ajue kwa moyo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa wa kuharisha anywe kidogo kidogo tangu sasa hivi, njiani akipelekwa hospitali aendelee kunywa. Kolera huua kwa kumkausha mtu, na inaweza kumkausha kwa saa chache. Sukari hiyo ya vijiko sita ifungwe kwenye mfuko wake na iandikwe jina. Si ya chai.

Fedha nazo zina ukaidi wake. Dola iliyochanika pembeni hata kidogo hakuna dukani atakayeipokea, kwa hiyo usikunje dola ya akiba wala usiifiche chini ya godoro lenye unyevu. Zaidi ya hapo, weka franka ndogo ndogo. Siku ya fujo hakuna mwenye chenji, na pesa iliyo ndani ya simu haina kazi kama mtandao umelala au wakala amekimbia. Likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, ni bora kuliko vyote hivyo, mradi wanachama wake wasiwe wote wafanyabiashara wa soko moja. Soko likiungua, wataanguka pamoja. Mchanganye na mvuvi, mwalimu, muuguzi na mama wa shamba.

Karatasi zifungeni kwenye plastiki mbili: cheti cha kuzaliwa, diploma, hati ya kiwanja, kadi ya chanjo ya mtoto. Surua iliyolipuka mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao watoto wadogo, kwa hiyo kadi ya chanjo si karatasi ya kufungia karanga. Kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu sote, ipigwe fotokopi mapema, kwa sababu nyingi za mwaka 2023 zilifutika maandishi na kubaki nyeupe mikononi mwa wenyewe.

Watu wa Alunguli, wanaokaa upande wa pili wa mto, nina neno lao peke yao. Mto hauna daraja hapa. Stesheni, uwanja wa ndege na ofisi za mkoa ziko ng'ambo. Mama mwenye mimba ya miezi minane hapaswi kungoja uchungu wa usiku wa manane ndipo familia ianze kutafuta mwenye mtumbwi. Zungumzeni na mpiga kasia mwezi kabla, mkubaliane bei, mjue anapolala. Nauli iwekwe kando pamoja na nguo za mtoto na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Na mtumbwi ukijaa, shukeni. Hakuna msiba Kindu unaouma kama wa watu waliozama mchana kweupe kwa kuogopa kuchelewa.

Maji hayo hayo hupanda pia. Ziwa Tanganyika likifurika hutoa maji yake kwa mto Lukuga, na Lukuga huyamimina Lualaba. Mwaka 2024 ziwa lilipoingia nyumba za Kalemie na Uvira, wa mabondeni huku chini walikuwa wamekwisha pewa habari, kama walisikiliza. Redio ndogo ya betri basi ni chombo cha nyumbani kama sufuria. Radio Okapi husema Kiswahili tangu ilipoanzishwa Februari 2002. Msikilize kabla ya kukimbia, kwa maana uvumi umewatoa watu wengi majumbani wakaacha mbuzi na magunia kwa wezi walioutunga uvumi huo. Ila kama ni kweli na lazima kuondoka, kila mtoto ajue jina kamili la baba na mama, na mahali pa kukutania. Mahali pamoja pa mchana, pamoja pa usiku. Jioni moja ya Jumapili inatosha kwa mazoezi, nao watoto watacheka sana. Wacheke.

Sasa mgeni ameshaketi. Atadai tuuze vitu, na hapa ndipo nyumba nyingi humalizika. Televisheni iuzwe kwanza. Kisha viti vya sebuleni, kisha suti ya papa na vitenge vya sherehe, mama anisamehe. Jembe, baiskeli, nyavu na mbegu visiuzwe kamwe, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyomsindikiza Shida mpaka barabarani. Sahani nayo igeuzwe: mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mwenye mimba au anayenyonyesha wale kwanza, tena wale kipande cha samaki. Papa mwenye heshima atasubiri. Heshima yake haitapungua kwa bakuli moja. Na mpishi asipike kwa kujificha, maana jirani anayesikia harufu ya mawese kwako na hajaitwa, kesho ndiye unayemhitaji akushikie mgonjwa upande wa pili wa machela.

Mavuno ya mpunga ya mwanzo wa mwaka yanapoingia, bei huwa chini na karo za sekondari zinagonga, nasi huuza magunia yote kwa wanunuzi wa mjini, halafu baada ya miezi michache tukanunua mchele uleule kwa bei ya juu. Mwaka huu, ndugu zangu wa Kindu, katika kila magunia matano bakizeni mawili. Kama karo imewabana, kaeni na mkuu wa shule muombe kulipa kwa awamu, na mwende wazazi kumi kwa pamoja, msiende mmoja mmoja.