Kunguru Hakumaliza Waraka

Wanyama wa nyika ya Handeni na wale wa kingo za Mto Pangani upande wa Korogwe walisomesha watoto wao shule moja. Waliijenga wenyewe baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto nchini apate elimu ya msingi. Mchwa walifyatua matofali, Tembo akasomba mawe, Mbega wakashuka na nguzo kutoka milima ya Usambara. Kila mmoja aliweza kukuonyesha tofali lake ukutani.

Miaka ikapita, mazoea yakabaki: kengele inalia, wazazi wanakuja, wanaambiwa walete mchanga, au debe la mahindi ya uji, au madumu ya maji, maana Handeni maji yalikuwa shida hata kwa bomba lililoyavuta kutoka Pangani. Wakishaleta, wanashukuriwa, wanarudi shambani. Hesabu zilikaa kwa Mzee Kiboko, mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye aliamini kwa dhati kwamba mzazi ni mgongo wa kubebea. Hakuwa mwizi. Nalisisitiza hili kwa sababu tumezoea kumsaka mwizi tukaacha tatizo lenyewe: Kiboko hakuona kwa nini mwenye mgongo aulize maswali.

Mwaka 2016 Kunguru akatua juu ya mwembe. "Elimu sasa bila ada!" Habari ilikuwa ya kweli, tena njema, watoto wa Darasa la Kwanza walifurika hata wakakaa sakafuni. Lakini Kunguru aliruka kabla ya kumaliza waraka wa serikali, pale unaposema sare, madaftari na chakula ni vya mzazi. Wanyama wakasikia bila ada, wakaelewa bila wazazi.

Kengele ikalia, hakuja mtu. Ukame ulipobana, uji ukakatika. Watoto wa Digidigi wakaanza kusinzia darasani, kisha wakatoroka kwenda kwenye matanuru ya mkaa. Kiboko akawaita wazazi wavivu, na hapo alikosea sana. Ni wanyama hao hao waliokesha misibani na kulimiana mashamba. Walichoka kubebeshwa bila kuonyeshwa.

Siku ya mkutano wa wazazi alifika Mama Kanga, akaamkia, akauliza: "Mzee wangu, kwa mwaka serikali inatenga shilingi 10,000 kwa kila mtoto. 4,000 ni za vitabu, zinabaki huko juu. Zile 6,000 zinazoletwa hapa zimefanya nini?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu, mama."

"Kuzidisha elfu sita kwa idadi ya watoto nilifundishwa hapa hapa, Darasa la Nne."

Mwalimu Kobe, aliyelisubiri swali hilo siku nyingi, akatoa daftari. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa mwaka 2002 shule zilitakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Ubao ulikuwepo, umebandikwa zamu za usafi. Hesabu zikawekwa wazi: chaki, karatasi za mitihani, misumari ya madawati. Hakuna aliyekula. Fedha zilikuwa chache tu kuliko wote walivyodhani. Jumatatu debe la kwanza la mahindi lilifika kengele haijalia.

Mama Kanga hakuridhika. Aliomba wazazi waingie darasani wasikilize watoto wakisoma. Darasa la Nne wakapewa hadithi ya Darasa la Pili, na wengi wakakwama sentensi ya kwanza. Tembo, aliyesomba mawe ya ukuta ule, alimsikia mwanawe akibahatisha maneno kwa kutazama picha. Kobe akaeleza: darasa lina watoto zaidi ya mia moja, mwalimu mmoja. Hakuna aliyemlaumu. Mbega wanaojua kusoma wakajitolea kukaa na vikundi kila Jumamosi. Tembo akachukua jukumu la kuwafuata watoro hadi kwenye matanuru. Barua ya kuomba mwalimu wa pili ikaandikwa kwa halmashauri, kila mzazi akaweka unyayo wake.

"Nawe, mzee wangu," Mama Kanga akamgeukia Kiboko, "wako yuko darasa gani?"

Kiboko akajibu kwamba wake anasoma shule ya kulipia, mjini Tanga.

"Muhula ujao mlete. Atabanana na wangu dawatini."