Gololi ya Rumonge

Baadhi ya mabingwa wa mazingaombwe ya mezani huona haya kumtolea mteja anayelipa kile kikombe cha plastiki cha watoto: gololi nyekundu inaonekana ndani, kifuniko kinarudi, kikifunuliwa gololi haipo. Siri ni ganda la nusu gololi. Likibaki kikombeni unaona gololi. Likipanda na kifuniko unaona patupu.

Waje kwetu Rumonge, Burundi, wapimwe. Mama muuza ndagala, anayejua samaki wakubwa hupangwa juu na vumbi chini, ataomba akishike kifuniko mwenyewe.

Tena watakuwa wamechelewa, serikali imeshatuchezea mchezo huo. Mwaka 2015 kifuniko kilifunuliwa, mkoa wa Rumonge huo! Ulimegwa kutoka Bururi na Bujumbura Vijijini, ukawa na gavana na mihuri. Mwaka 2025 kikafunuliwa tena: mikoa 18 imekuwa 5, nasi tumo Burunga, makao makuu Makamba. Wino wa mihuri haujakauka. Ziwa Tanganyika pekee ndilo halina kifuniko, linapanda hadi sebuleni bila kuombwa. Petroli iliyotoweka nayo imo mfukoni mwa nani? Hapo kuna mkono mwepesi kweli, wala hauhitaji plastiki.