Hotpoti la Kura

Mama mkwe alifika Leicester mwanzoni mwa Juni 2024, akitokea Tanga, na kifuko cha iliki, mwiko wake mwenyewe na msimamo kwamba chapati hailali. Ikipikwa leo iliwe leo. Sisi tulikuwa na jambo letu lililoanza karibu miaka mitatu kabla hajaja, na tulipaswa kumkalisha tumweleze vizuri. Hatukumweleza.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwisho wa mwezi nyumba yetu humchagua mchezaji tenisi wa Uingereza aliyefanya makubwa mwezi ule. Mchezaji mwenyewe hana habari, wala hapelekewi hata kadi. Zawadi ni ya aliyempendekeza: mwezi mzima haoshi sufuria. Anayelijua sufuria la pilau lililoshika ukoko ataelewa kwa nini watu wazima tunatoleana macho kwa sababu ya mtu aliyeshinda mashindano ya mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kufika.

Yalianza Septemba 2021. Emma Raducanu, binti wa miaka 18, aliingia US Open kwa mlango wa mchujo, akacheza mechi 10 bila kupoteza seti hata moja, akaondoka na kombe. Kabla yake hakuna mwanamume wala mwanamke aliyetoka kwenye mchujo akabeba taji kubwa la mmoja mmoja. Usiku ule Mzee jirani aligonga mlango kwetu na sahani ya barfi. Yeye yuko mji huu tangu 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda, na Kiswahili chake cha Kampala hakijachuja. Virginia Wade aliposhinda Wimbledon mwaka 1977, Mzee alimwona kwenye televisheni ya mkopo. Alikuwa amekaa miaka 44 akingoja mwanamke mwingine wa Uingereza anyanyue taji kubwa. “Hii mutoto,” akasema, machozi yakimlenga, “hii mutoto iko moto.” Tukampa kiti, na papo hapo tukamfanya msimamizi wa uchaguzi. Hapigi kura, hapendekezi. Kazi yake kuhesabu.

Mwezi ule hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuja baadaye, tulipogundua kwamba miezi mingi haina Raducanu. Ina mtu wa namba mia tatu na kitu duniani aliyetwaa kombe dogo mbele ya watazamaji arobaini na mbwa mmoja, na ina nyota aliyetolewa robo fainali ya mashindano makubwa. Nani kafanya makubwa hapo? Binti yangu, ana miaka 15 na ulimi wa wakili, husema tupime mtu alikotoka na alikofika, basi. Mke wangu anashika vitabu vya hesabu vya watu, kwa hiyo anataka kombe. Lisipokuwapo kombe hataki hadithi. Mimi ni mtu wa moyo. Kitinda mimba wetu, miaka tisa, anaandika kwa kushoto, basi hupendekeza wenye mashoto tu. Cameron Norrie aliposhinda Indian Wells Oktoba 2021 mtoto alikuwa na miaka sita. Tangu siku hiyo hajabadili dini.

Sheria ziko kwenye daftari, na iliyoandikwa kwa wino mwekundu ni moja: humpigii kura uliyempendekeza mwenyewe. Bila hiyo kila mwezi tungekuwa na sare ya moja moja.

Mama mkwe alipokuja tulimpa haki ya kupiga kura siku ya pili tu. Yeye hakutaka kujua nani kashinda. Alitaka kujua wazazi. Tukamwambia Raducanu kazaliwa Toronto, baba Mromania, mama Mchina, kakulia kusini mwa London. Norrie kazaliwa Johannesburg, kakulia New Zealand. Johanna Konta, yule aliyefika nusu fainali ya Wimbledon mwaka 2017, kazaliwa Sydney na wazazi wa Hungary. Mama yake Heather Watson ametokea Papua New Guinea. Mama mkwe akamgeukia mkwewe, yaani mimi, akasema, “Kumbe Waingereza wenyewe wa kuja, baba. Wewe mbona unajinyonga na karatasi zako za uraia?”

Sasa Julai. Sijaona mwezi kama ule.

Tarehe 13, Henry Patten na mwenzake Mfini, Harri Heliövaara, walichukua kombe la Wimbledon la wawili wawili baada ya kuponyoka mara tatu wapinzani wao wakiwa wamebakiza pointi moja tu ya ubingwa. Seti ya mwisho waliimaliza 11-9 kwenye pointi za kukata mzizi wa fitina. Mke wangu alikuwa amesoma kwamba Patten aliwahi kuwa kibarua hapo hapo Wimbledon, kazi yake kuingiza takwimu za mechi za wenzake kwenye kompyuta. Basi. “Mhasibu mwenzangu,” akasema, akafunga mjadala kwa upande wake.

Kesho yake, tarehe 14, Alfie Hewett alishinda fainali ya viti vya magurudumu, na hapo binti yangu akasimama juu ya sofa. Hewett alikuwa ameshayatwaa mataji ya mmoja mmoja ya Australia, Ufaransa na Marekani. Wimbledon ndiyo iliyokuwa ikimkimbia. Mwaka 2022 alifika fainali mpaka akawa yeye ndiye anayeanzisha mpira wa kumaliza kazi, Shingo Kunieda akamnyang'anya. Mwaka 2023 fainali tena, Tokito Oda akamtoa. Binti alitueleza kwamba katika mchezo ule mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili, tukadhani hapo pana unafuu, akatuuliza kama tumewahi kusukuma kigari cha mtoto kwenye majani mabichi. Sasa kisukume kwa mikono yako mwenyewe, umekikalia, raketi umeishika, na mpira unakwenda pembeni. Tukanyamaza. Shemeji yangu, mpiga kura mwenzetu, siku hiyo hakusikia lolote, kwa sababu England ilifungwa na Hispania 2-1 Berlin kwenye fainali ya Euro, akajifunika shuka sebuleni hadi Jumatatu.

Mimi nilikuwa na Andy Murray. Huyu nimetoka naye mbali. Mwaka 2013 alipokuwa Mwingereza wa kwanza mwanamume kutwaa Wimbledon ya mmoja mmoja tangu Fred Perry mwaka 1936, nilikuwa zamu ya usiku ghalani, nikasimuliwa na Mpoland. Sasa alikuwa anaaga. Wimbledon alipangwa acheze na Raducanu, mwanamume na mwanamke pamoja, Raducanu akajitoa kwa sababu kifundo cha mkono kilikuwa kimekaza. Mimi nilinuna. Mama mkwe, ambaye mgombea wake ndiye huyo huyo Raducanu, alisema mkono wa mtu ukiuma waachieni wenyewe, nami mkwe sibishani naye. Kisha Olimpiki ya Paris: tarehe 28 Murray na Dan Evans wakaokoa pointi tano za mechi dhidi ya Wajapani, tarehe 30 wakaokoa mbili dhidi ya Wabelgiji. Ukiwaona walivyorukiana ungedhani wametwaa dhahabu, na hiyo ilikuwa raundi ya pili.

“Baba,” binti akaniambia, “wewe unataka kumpa kura ya ahsante. Hii ni ya mwezi.”

Nikamwambia mwezi ndio huu huu. Akasema mwezi huu hajashinda kitu, ameshinda miaka iliyopita, na miaka iliyopita ina daftari lake. Sikuwa na jibu, nikaenda kutazama bustani.

Kura zilipigwa siku mbili. Kalamu moja ya rangi ya zambarau, ile ya watoto inayofutika kwa maji, ilifungwa uzi kwenye kitasa cha kabati. Sanduku letu la zamani lilikuwa limepasuka, kwa hiyo kitinda mimba akaazima hotpoti la plastiki jikoni, lile lenye maua ya waridi, kwa hoja kwamba linafunga kwa kuzungusha na hakuna atakayeiba. Alikuwa sahihi. Akaliweka kaunta, na Jumatano asubuhi, tarehe 31, kabla ya kutoka kucheza, akampa bibi yake maagizo.

Hapa inabidi nieleze jambo la matamshi. Mwanangu kazaliwa hapa. Kiswahili anacho, lakini ile *r* ya kwetu yenye kutetema ulimi haijamkaa. Alichokusudia kusema ni, “Bibi, hotpoti hili la kura.” Alichosikia Bibi ni kwamba hotpoti ni la kula.

“Naam mjukuu wangu,” akajibu. “Najua.”

Alasiri akakanda unga. Mama mkwe husukuma chapati, akaipaka mafuta, akaizungusha kama konokono, akaiacha ilale, akaisukuma tena. Ikiiva unaweza kuichambua kurasa kurasa. Alizipika kumi na mbili. Akafungua hotpoti akakuta vikaratasi sita vimekunjwa. Miwani ilikuwa chumbani, na hata ingekuwa usoni sidhani kama angesoma, kwa sababu kila mpishi anajua karatasi kwenye hotpoti ni ya kazi gani: kunyonya jasho, chapati zisilowe. Alifurahi sana, baadaye alituambia, kwamba watoto wa Ulaya wameifikiria. Akavikunjua kimoja kimoja, akatandika: karatasi, chapati mbili, karatasi, chapati mbili, hadi juu. Akazungusha kifuniko.

Saa moja jioni Mzee jirani akaja kuhesabu, jua bado liko juu kama la saa tisa. Sisi tulikuwa tunatafuta vigoda bustanini. Mgeni hakai mikono mitupu mbele ya mama mkwe wangu: alishamwekea maharage ya nazi na chapati mbili za juu. Tulipoingia, msimamizi wa uchaguzi alikuwa anafuta vidole.

“Hotpoti liko wapi?” akauliza binti.

“Hili hapa, kuleni. Zile karatasi nimezitoa, zilikuwa zimeshalowa, zimekwenda na maji kwenye sinki.”

Kimya. Mke wangu akakaa chini, kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha kuficha uso kwenye kanga. Kitinda mimba akalia. Mimi nikamtazama mama mkwe, nikatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Aliyeona kwanza ni shemeji. Aliinua chapati ya pili kutoka juu akaielekeza dirishani. “Jamani,” akasema, “hii imeandikwa.”

Mvuke ulikuwa umefanya kazi ya kiwanda cha chapa. Wino wa zambarau ulihama kutoka kwenye karatasi ukaingia kwenye chapati, mahali pengine kinyumenyume, mahali pengine ukapenya karatasi ukatoka sawasawa. Binti akakimbilia bafuni akarudi na kioo. Zilibaki chapati kumi, nasi tukazipitia moja moja kwenye mwanga, Mzee akiandika daftarini kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuona mabaya zaidi.

Moja ilikuwa wazi: Patten, nzima, hata mkia wa P. Moja ilikuwa na doa tu, kama Pemba iliyomwagikiwa maji. Ya tatu ilibaki na alama tatu, duara moja na misalaba miwili. Binti akasoma duara kwanza: *e*, *t*, *t*, mwisho wa Hewett. Mke wangu akasoma misalaba kwanza: *t*, *t*, *e*, katikati ya Patten. Wakaigeuza. Wakaileta kwenye kioo. Wakaizungusha. Ndipo ilipotuingia kwamba chapati haina juu wala chini, wala haina kushoto na kulia, na kwamba hoja zote mbili zitakuwa kweli mpaka iliwe.

“Mzee,” mke wangu akasema kwa heshima zote, “zile mbili ulizokula, hukuona maandishi?”

Mzee akafikiri. “Mimi naona iko rangi kidogo,” akasema. “Nafikiri Mama natia zabibu.”

Ikaamuliwa kila mtu ataje kura yake hadharani, siri imekwisha. Mke wangu: Hewett. Binti: Patten. Shemeji: Patten, kwa sababu jina ni fupi. Kitinda mimba, akipangusa kamasi: Hewett, dada yake alimwahidi kumwazima baiskeli. Mama mkwe: “Yule kijana wa magurudumu. Mama yake lazima ana mikono ya kazi.” Wakanigeukia.

“Hewett,” nikasema.

Kura nne kwa mbili. Binti alishaanza kuruka, kasamehewa sufuria za Agosti yote, na mimi nilishanyoosha mkono kuelekea kwenye sahani, pale Mzee jirani alipoinua chapati ya mwisho, ile ya chini kabisa, iliyokaa kwenye mvuke kuliko zote. Hakuhitaji kioo. Herufi zilikuwa za mtu mzima, zimekolezwa mara mbili: M kubwa, R mbili zimeshikana mikono, na mwisho kijimstari cha chini, kile ambacho benki yangu inakijua.

“Watu sita,” Mzee akasema, akihesabu kwa vidole. “Sita nasema si Murray. Lakini chapati nasema Murray.”

Binti yangu alilifungua daftari kwenye wino mwekundu, akaliweka mbele yangu, hakusema neno. Mke wangu alikuwa ameshanifungulia maji ya moto kwenye sinki.

Nilichukua ile chapati, nikaimega katikati ya zile R mbili, nikachovya kwenye maharage. Ilikuwa bado laini, na wino hauna ladha.

“Kula, baba,” akasema mama mkwe, akinisogezea bakuli. “Si nilimwambia mtoto najua?”