Taja Mafanikio Yako kwa Maneno 150

Chuo nilichosoma kimenikumbuka. Miaka yote hii sikupata hata salamu, si ya Idi si ya Krismasi, na sasa kimenitumia fomu. Kinaandaa jarida la wahitimu, na kila mmoja wetu wa mwaka 2011 anatakiwa ajaze: jina, shahada, cheo cha sasa, mwajiri wa sasa. Chini kabisa kuna kisanduku chenye ukubwa wa kiberiti: "Taja mafanikio yako tangu uhitimu, maneno yasiyozidi 150."

Yasiyozidi! Hawa watu wana imani kubwa. Shida yangu mimi si kuzidi, shida yangu ni kufika.

Nina shahada ya menejimenti ya rasilimali watu. Kwa Kiswahili cha nyumbani, nilifundishwa miaka mitatu namna ya kuajiri watu, kuwapandisha vyeo, kuwaonya kwa barua na kuwaaga kwa heshima. Tatizo likawa moja tu: ili uajiri watu, lazima kwanza apatikane mtu wa kukuajiri wewe. Huyo mtu bado namngoja. Katika kungoja huko nikafungua steshenari hapa Kimara, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi. Kopi shilingi 100, kuprinti 200, picha za pasipoti, laminesheni, kubaindi ripoti, na kalamu ambazo wateja wanaazima kisha wanaondoka nazo. Rasilimali watu ninayoisimamia ni mmoja, naye anachelewa kufungua duka kila Jumatatu. Nimeshamwonya kwa mdomo. Barua naogopa kumwandikia, maana nitaiprinti kwa wino wangu.

Kazi inayoniweka mjini, lakini, ni CV. Mhitimu wa kuanzia Kimara Mwisho hadi Kibamba, kabla hajaingia kwenye mtandao wa ajira wa serikali, anapita kwangu. Ninajua nani alipata GPA ngapi, nani anaitwa Bakari kwenye cheti cha kuzaliwa na Bakar kwenye cha kidato cha nne, na nani anatafuta wakili wa kumgongea muhuri nakala zake kabla dirisha halijafungwa saa sita usiku. Ninazijua hata burudani zao, maana wote wana burudani tatu zilezile: kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Mwenye kusafiri ukimuuliza amefika wapi, anakwambia Mlandizi, msibani.

Wiki iliyopita alikuja kijana na bahasha ya kaki iliyolainika kama leso. Shahada ya akiolojia. Akakaa kwenye kile kiti changu chenye mguu mmoja wa mashaka, akauliza: "Kaka, hapa kwenye uzoefu tuandike nini?"

"Tangu umalize umefanya nini?"

"Boda tu, kaka. Mwaka wa nne huu."

Nikamwambia asiseme "boda tu." Viongozi wenyewe wakipanda jukwaani wanawaita maafisa usafirishaji, sisi ni nani tupinge? Nikaandika: Afisa Usafirishaji, miaka minne. Nikamuuliza kama amewahi kushika fedha za watu. Akasema pikipiki si yake, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Nikaandika: Aliwasilisha mapato kwa mwekezaji kila siku bila kukosa. Akasema kukosa alikosa, siku mbili, pancha. Nikafuta "bila kukosa," nikaweka "kwa wakati." Je, amewahi kukutana na mteja mgumu? Akacheka hadi kile kiti kikalia. Kuna abiria alimpeleka Goba usiku, kufika akasema hela iko ndani, akaingia ndani akalala. Nikaandika: Ana uzoefu wa kutatua migogoro na kufuatilia madeni.

Nilipomaliza nikamprintia. Akasoma taratibu, kidole kikitembea juu ya mistari, akarudia mara ya pili. Kisha akaniangalia.

"Kaka, huyu mtu mimi ningemwajiri."

Akalipa 3,000, akaikunja CV ndani ya koti, akawasha pikipiki. Abiria alikuwa amesimama pale nje muda wote anamsubiri, tena amenuna.

Sasa mtu kama mimi, anayeweza kumtoa afisa ndani ya pancha, inakuwaje anashindwa na kisanduku chake mwenyewe? Mganga hajigangi. Nimekaa mbele ya fomu siku tatu. Kwenye "cheo cha sasa" niliandika Mkurugenzi, nikafuta. Ukurugenzi gani huu wa kufagia mwenyewe? Nikaandika Mjasiriamali, nikafuta na hilo, kwa sababu kwenye mtaa wetu kila anayedaiwa kodi ya fremu anajiita hivyo.

Nikafungua grupu letu la WhatsApp nione wenzangu wamejaza nini. Kosa kubwa. Mmoja ni Mtendaji Mkuu wa kampuni yenye watu wawili, na yule wa pili ni mkewe. Watatu ni washauri waelekezi. Mimi nimeandika CV nyingi za washauri waelekezi, na ninajua maana yake: mtu bado anatafuta, ila ameshanunua suti. Dada aliyekuwa anakaa mstari wa mbele, yule wa GPA ya 4.6, yuko Dodoma, mkuu wa rasilimali watu kwelikweli, ana ofisi yenye kiyoyozi. Yeye hakuandika mafanikio, aliandika malalamiko: asilimia 15 ya mshahara wake inakwenda Bodi ya Mikopo kila mwezi. Kumbe lile bumu la mkopo la shilingi 5,000 kwa siku, tulilokuwa tunalisubiri kama mvua ya kwanza na kulimaliza kabla halijakauka, lilikuwa na kumbukumbu nzuri kutuzidi.

Na yule ndugu yetu aliyekula supu, ile mitihani ya marudio, kila Septemba, ambaye mwaka wa pili tulimuaga kabisa tukijua amedisko, chuo kimemfuta? Ana matipa matano ya mchanga. Fomu hajajaza. Aliandika tu kwenye grupu: "Jamani nani ana fundi mzuri wa gia?"

Tunao mkosi mmoja sisi wahitimu, nao ni mgeni rasmi. Siku ya mahafali tumekaa juani na majoho meusi, tunachemka kama maharage, anasimama mheshimiwa anatwambia: "Vijana, msisubiri kuajiriwa, jiajirini!" Anayesema hivyo ameajiriwa tangu ujana wake, ameletwa na gari la mwajiri, linaendeshwa na dereva wa mwajiri, na hotuba yenyewe ameandikiwa na mwajiriwa. Nasi tukapiga makofi. Mimi nilipiga hadi kofia ya joho ikaanguka, na lile joho lilikuwa la kukodi.

Mzee mmoja mstaafu huja kila asubuhi kukaa kwenye benchi langu, kusoma bure magazeti ninayouza. Nilipomwonyesha fomu akasikitika. "Kijana, sisi tulikuwa tunagombewa." Akaanza kunihesabia. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kabla hakijahamia kule Mlimani. Msomi alikuwa mmojammoja, kama meno ya mtoto. Hakuandika barua ya kuomba kazi, kazi ndiyo ilimwandikia yeye.

Nikamkumbusha na mengine. Oktoba 1966 wasomi haohao waliandamana mpaka Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Moja ya mambo yaliyowachoma ni kwamba baada ya miezi ya kambini, mwaka mmoja na nusu uliobaki wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere akakasirika, akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao vijana zaidi ya 300. Mimi kila nikiisoma habari hii sibaki kwenye siasa yake, nabaki kwenye ile asilimia 40. Mtangazie mhitimu wa leo kwamba kuna mahali wanalipa asilimia 40 ya mshahara. Hataandamana. Atauliza lango linafunguliwa saa ngapi.

Tuna ushahidi. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70 za kujaza. Walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000, ikabidi wakafanyie mtihani Uwanja wa Taifa, wamekaa kwenye majukwaa kama wanasubiri Simba na Yanga. Mzee alipoikumbuka ile picha ya gazetini, akakunja gazeti langu (bila kulilipia) akasema, "Angalau waliingia bila kiingilio."

Nikabaki nawaza juu ya hii fomu. Chukua Shaaban Robert. Angeijaza vipi? Shahada: hana. Cheo: karani wa forodha. Mwajiri: serikali ya mkoloni. Mhariri wa jarida angemweka ukurasa wa mwisho, karibu na tangazo la kupotea kwa risiti. Leo watu wanapata shahada za uzamili na za uzamivu kwa kumwandika yeye. Au mchukue Mwalimu mwenyewe. Amerudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake, anafundisha Pugu, kazi nzuri, mshahara unaingia. Mwaka 1955 anaiacha kazi akashike siasa za TANU. Fomu ingemkuta hapo: mwajiri wa sasa, hakuna. Natamani ningesikia walivyosema mtaani. Maana najua watu wetu: mtu akiacha kazi hawamuulizi anakwenda kujenga nini, wanamuuliza amerogwa na nani.

Mama yangu ni mmoja wao. Yuko Iramba, Singida, na kila Jumapili akitoka kanisani hunipigia. Baada ya salamu, swali ni lilelile tangu 2011: "Wameshakuita?"

Hao wanaotakiwa kuniita hajawahi kuwataja, na mimi sijawahi kuuliza.

"Mama, mimi nina ofisi."

"Ofisi ya nani?"

"Yangu."

"Yako naijua. Nauliza ya kazi."

Hiyo ofisi ambayo si ya kazi imemsomesha mdogo wangu uuguzi. Imeezeka bati nyumba anayokaa mama, na ile sola anayochajia simu ya kuniuliza kama nimeitwa, imetoka kwenye kopi za shilingi mia. Mama anajua. Anamshukuru Mungu kwa bati, anamshukuru kwa sola, halafu kwenye sala hiyohiyo anamwomba nipate kazi.

Jana usiku nikajikaza, nikajaza. Cheo: mwenye steshenari. Mwajiri: mimi. Mafanikio: bati, sola, nesi mmoja. Nikabofya tuma. Mfumo ukakataa: ambatisha nakala ya cheti.

Nilitafuta cheti changu nyumba nzima. Mimi, ninayetoa kopi za vyeti vya wilaya nzima, sina kopi ya changu. Ile niliyoiskani zamani ililiwa na virusi pamoja na flashi yake. Ndipo nikakumbuka chenyewe kiko wapi. Nikampigia mama.

"Mama, kile cheti changu kishushe ukutani, mpe kondakta wa basi aniletee."

Kimya kidogo. "Wamekuita?"

"Hapana, kuna fomu tu ya chuo."

"Basi kikae hapohapo."

"Mama, ni changu kile."

"Chako kwa lipi? Bodi ilikukopesha nusu, nusu ikatoka zizini. Madume mawili na magunia ya alizeti, nilipeleka mnadani kwa miguu yangu. Wewe ulikisomea tu." Akashusha pumzi. "Siku wakikuita, njoo mwenyewe. Nitakushushia."

Kubishana na mama usiku ni kupoteza vocha. Asubuhi nikamwomba mtoto wa jirani yake, mwenye simu ya kupiga picha, aingie akakipige kikiwa palepale ukutani, ndani ya fremu. Picha imefika saa nne. Muhuri unaonekana, sahihi ya Mkuu wa Chuo inaonekana, hata mwaka unasomeka. Jina langu ndilo halisomeki. Kioo kimepata mwanga wa mlango, na pale jina lilipo pamejaa sura ya mama, na kilemba chake cha kanisani, ameishika fremu kwa mkono mmoja kama anayehofia itakimbia.

Nimeiambatisha hivyohivyo. Wakiuliza huyo ni nani, nitawaambia ndiye mwenye cheti.